Niliwaambia Hukuacha Neno

Baba Tumaini wangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, na yangu sitakudanganya: si njema. Leo ni Krismasi, ya pili tangu ututoke. Nimekaa jikoni hapa Tooting na koti bado liko mwilini, kwa sababu nikilivua nitaanza kupika, na nikianza kupika nitakuwa nimeikwepa tena barua hii. Nimeikwepa tangu ulipokufa. Kuna jambo nililifanya siku tatu baada ya kifo chako, mbele ya watu, na niliamini hakuna hata mmoja aliyejua nimelifanya. Kaka yako aliniuliza kama uliacha neno lolote kuhusu kuzikwa kwako. Nikasema hukuacha.

Uliacha. Uliniambia Krismasi ile tulipopanda baiskeli kwenda Neasden, nami nikakukatiza kabla hujamaliza.

Nataka nikukumbushe siku ile yote, si kwa sababu umesahau, ila kwa sababu mimi nimeanza kuchanganya. Ofisi yetu ya kuhudumia wazee majumbani ilikuwa imenipanga kwa Bibi Doreen, yule bibi wa Neasden asiyeweza kuinuka kitandani mpaka ainuliwe. Siku nyingine zote nilikwenda kwake kwa treni. Lakini unajua London siku ya Krismasi: hakuna basi, hakuna treni, mji mzima wa watu wote hawa unafungwa kama duka. Ukimweleza mtu wa Dar anadhani unamtania. Nilipiga simu kwa kila mwenye gari niliyemfahamu na kila mmoja alikuwa na safari yake. Nikakaa kitandani nikasema basi, nitawaambia siwezi, wakinifukuza wanifukuze.

Ukasema, "Tutakwenda na baiskeli."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Mimi mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa shule ya msingi Muheza, na ilikuwa ya mjomba, na nilianguka nayo mtaroni. Wewe ulikuwa umeizoea, siku za migomo ya treni ulikuwa unakwenda nayo mpaka ghalani kwenu Hayes na kurudi. Ukashuka chini kwa Mzee Kanti mwenye duka la viungo, yule Mhindi aliyezaliwa Mwanza, ukarudi na baiskeli ya marehemu mkewe, ya rangi ya kijani, yenye kikapu mbele. Alikuwa amekufuata mpaka mlangoni kuja kunipa mwenyewe. "Chukua, bibi," akasema kwa Kiswahili chake cha zamani. "Mimi naweka tu, inakula kutu." Nikataka kumshukuru akapunga mkono kama anafukuza nzi, akaondoka.

Siku mbili ulinifundisha kwenye uwanja wa Tooting, jioni jioni, jua likizama saa kumi kama lina haraka. Ulikuwa unakimbia pembeni yangu umeshika tandiko. "Acha kuukamua huo usukani," ukaniambia, "haujalowa." Nikakutukana kwa Kibondei, ukacheka kwa sababu hukukielewa na ulijua hasa nimesema nini. Sikumbuki kama nilikuwa nimekusikia ukicheka hivyo mwaka ule. Tulikuwa tunapishana mlangoni, wewe unatoka kazini mimi naingia, tunaachiana mtoto kama watu wanaopokezana zamu getini. Siku nyingine nilijua umekuja nyumbani kwa sababu tu kikombe chako kilikuwa kwenye sinki.

Asubuhi ya Krismasi tukamwacha Tumaini juu kwa Mama Wanja, nesi yule Mkenya, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini na macho mekundu. "Wacha huyu hapa, nitampikia pilau," akasema. "Nyinyi endeni. Lakini mkianguka msiniite, mimi niko off." Tumaini alikuwa na miaka tisa. Hata hakugeuka kutuaga, alikuwa ameshakalia kochi la watu.

Ulikuwa umevaa mifuko ya plastiki juu ya soksi, chini ya viatu, na ukanivalisha na mimi. Barafu nyembamba ilikuwa imepaka weupe juu ya paa za magari yote ya mtaa wetu. Wewe mbele, mimi nyuma. Kila tulipofika pa kukata kona ulinyoosha mkono kama askari wa barabarani, na barabara yenyewe tupu, hata paka hapiti. Nilikuwa sijawahi kuuona mji huu umenyamaza. Nilisikia cheni yako ikilia, nikasikia na pumzi yangu. Wandsworth taa zilikuwa zinabadilika rangi bila kumbadilikia mtu yeyote, na wewe kila nyekundu unasimama, unaweka mguu chini, unasubiri.

"Mangi," nikakuita kwa utani wa kuwaita Wachaga, "hii taa inamzuia nani?"

"Inanizuia mimi," ukasema. "Mtu ambaye maombi yake yako mezani kwa Uhamiaji hapiti taa nyekundu, hata kama amebaki peke yake duniani."

Nilikucheka, lakini nilisimama pia. Ndivyo tulivyoishi, mume wangu, tumesimama kwenye taa. Miaka minane hukuwa umerudi Machame, wewe mtoto wa Kichaga ambaye kwao Desemba hata mwizi anarudi nyumbani. Mara kazi mpya, mara mtoto, mara kibali, mara pasipoti iko kwao na ukitoka umejifungia mlango mwenyewe. Juu ya daraja la mto tukasimama kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekufa. Ukanivua glavu, ukafungua koti, ukaniambia nitie vidole kwapani mwako. Tukasimama hivyo kama watu wenye wazimu, baiskeli zimelala chini, maji ya kijivu yanapita huko chini.

Ndipo ukaanza kunihesabia kwenu saa hiyo wanafanya nini. Kwamba wametoka kanisani. Kwamba kaka Eliya ndiye anayechinja, na hataki mtu amsaidie, na atachinja vibaya kama kawaida. Kwamba magari ya waliotoka Dar na Arusha yamepangwa barabara nzima ya vumbi mpaka kwa jirani, na mama yako anapita katikati yake anawauliza watoto wa watu wewe ni wa nani. Ulikuwa unaongea umefumba macho. Nilitaka kukuambia tutakwenda mwakani, nikaona nitakuwa nakudanganya.

Shepherd's Bush nilianguka, polepole, kama mtu anayeamua kukaa. Hukunicheka mpaka ulipohakikisha sijaumia, halafu ukanicheka mpaka mwanamke mmoja akafungua dirisha ghorofani. Baada ya hapo tulipanda ile barabara ndefu ya kuelekea Harlesden, mimi nahema, wewe unapiga kengele kila hatua chache ili nijue hujanitoroka.

Karibu na Harlesden kuna makaburi makubwa, unayaona kupitia uzio wa chuma. Lango lilikuwa wazi. Nilishangaa, nilidhani na wafu wamefungiwa. Watu walikuwa wanaingia na maua, na hapo karibu na uzio kulikuwa na mama mmoja, mweusi kama sisi, amekaa kwenye kiti cha kukunja pembeni ya kaburi, na msichana wake mkubwa amesimama. Alikuwa na chupa ya chai. Alimimina kikombe chake, akammiminia binti, halafu akamimina na cha tatu akakiweka juu ya jiwe. Kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Walikuwa wanacheka jambo.

Ukasimama. Ukawa unaangalia tu, mguu mmoja chini.

"Mama Tumaini, njoo uone."

"Nimeona. Twende, tutachelewa."

"Mimi nikifa," ukasema, "usinirudishe Machame. Nizike hapa hapa mjini, mahali ambapo Tumaini anaweza kufika kwa basi."

Nikapaza sauti. "Acha uchuro! Krismasi yote hii!"

"Nisikilize kwanza. Kule atakwenda mara ngapi? Mara moja, mara mbili, akishakuwa mtu mzima asahau. Hapa..."

"Nimesema acha! Unajichuria mwenyewe na unanichuria na mimi. Panda baiskeli, bibi wa watu ananisubiri hajanywa hata chai."

Ukaniangalia. Nimelirudia lile jicho mara nyingi kuliko ninavyosali. Hukukasirika. Ulitabasamu kidogo kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na mtu, ukasema, "Haya, mama," ukapanda, ukapiga kengele.

Hapa nini, Baba Tumaini? Ulikuwa unataka kusema nini? Nimemaliza mwaka na zaidi nikiimalizia hiyo sentensi kwa niaba yako. Wewe unajua tulivyolelewa. Mtu mzima akikitaja kifo chake watu wanamzima haraka, wanakohoa, wanahamisha mazungumzo, bibi yangu alikuwa anatema mate pembeni kabisa. Nilidhani nakulinda. Nilidhani kifo kinasikiliza na kwamba nikipaza sauti kuliko wewe kitanisikia mimi.

Yaliyobaki ya siku ile yalikuwa mazuri na ndiyo yanayoniumiza. Bibi Doreen alikuwa amevishwa taji la karatasi na mtu wa zamu ya usiku, akaniuliza nimefikaje, nilipomwambia akafunika mdomo. Nilimwosha, nikamlisha, nikambadilisha. Wewe ulinisubiri kwenye ngazi za nje zaidi ya saa nzima, nikakutolea chai ukainywa umesimama, mvuke ukikupanda puani. Tuliporudi lango la makaburi lilikuwa limefungwa. Hukusema kitu na mimi nikashukuru kwamba umesahau.

Ulikufa mwezi wa tatu. Ghalani, saa tano asubuhi, kati ya rafu na rafu, moyo ukasimama. Nilikuwa napiga pasi sare yangu simu ilipoita. Nilichomoa pasi kwanza, nikakunja waya, ndiyo nikakaa chini.

Nyumba ilijaa. Watanzania niliowajua na nisiowajua, Wakenya wa Mama Wanja, wanaume wamekaa kwenye ngazi za jengo mpaka chini, sufuria ya chai ya viungo inapanda kutoka kwa Mzee Kanti kila ilipoisha. Sitawalaumu hata kidogo. Siku ya tatu wakafanya kikao sebuleni. Simu ikawekwa mezani, sauti imefunguliwa wote wasikie, na upande wa pili alikuwa kaka yako, shemeji Eliya, na nyuma yake mama yako analia Kichaga. Mtu akatafsiri, nadhani hakuna aliyemwomba: anasema mumrudishe mwanangu kihambani, akalale kwenye shamba la ukoo, pembeni ya baba yake.

Shemeji akasema, polepole, "Mama Tumaini. Kabla hatujapanga habari ya safari ya mwili. Wewe ndiye mke, wewe ndiye uliyekuwa naye. Je, marehemu aliacha neno lolote?"

Watu wote wakaniangalia. Nilikuwa nimekaa chini kwenye godoro, kanga kichwani. Neno lako lilikuwa mdomoni kabisa, nililihisi.

Nitakuambia kilichonizuia, usidhani ni kimoja. Niliogopa watasema mwanamke wa Muheza amemnyima mama mwanawe ili yeye abaki Ulaya na makaratasi yake. Shahidi ningemtoa wapi? Ulisemea barabarani, baridi inapiga, hakuna aliyesikia ila mimi. Lakini hilo ningelimeza. Kilichoniziba mdomo ni kwamba ningetakiwa kueleza ilikuwaje. Ningetakiwa kusema mbele ya watu kwamba mume wangu alikitaja kifo chake miezi mitatu kabla, nami nikamfokea. Niliona aibu. Nilikuwa mjane wa siku tatu na nilikuwa na nafasi ya kuona aibu.

"Hapana, shemeji," nikasema. "Hakuacha neno."

Ikawa kimya kidogo kule, halafu akasema sawa. Basi. Watu wakaanza kuongea habari za ndege.

Sikukusindikiza. Hilo ulilijua tangu ukiwa hai, kwamba lolote litakalotokea nyumbani hatutatoka mpaka pasipoti zirudi. Nilikufikisha uwanja wa ndege, pale wanapopokea masanduku, Deo wa kanisani akaondoka na wewe. Maziko tuliyaangalia kwa simu, mimi na Tumaini, tumekaa kitandani, yeye amevaa shati la shule kwa sababu ndilo lilikuwa jeupe. Tuliona migomba. Tuliona mabega ya watu. Walipoanza kukushusha picha ikakwama kwenye kiatu cha mtu, kiatu cheusi chenye udongo, na kikabaki hicho hicho kiatu. Sauti tu ndiyo iliendelea. Udongo unamwagwa, watu wanaimba, mama yako. Tumaini akaniuliza kwa Kiingereza chake kama ndiyo imeisha. Nikamwambia ndiyo, ingawa sikujua.

Sasa nikueleze habari za mwanao, maana ndiye uliyekuwa unamsemea.

Ana miaka kumi na moja. Amekuwa mrefu, ana magoti yako. Ananielewa ninachosema na kunijibu kwa Kiingereza, kama ulivyomwacha, ila siku hizi majibu yamekuwa mafupi. Mwaka jana mwenzake shuleni alifiwa na babu, darasa zima likachora kadi, mtoto akawasimulia jinsi Jumapili wanavyokwenda kumwagilia maua ya kaburi lake. Tumaini alirudi akaniuliza sisi tunakwenda wapi. Sikumwelewa. Akarudia: sisi tunakwenda wapi kumwona baba. Nikamwambia baba yuko Machame, tutakwenda tukipata karatasi. Akauliza lini. Nikasema karibuni. Aliuliza tena Pasaka, akauliza tena kiangazi, na tangu hapo hajauliza. Ningependa aulize mpaka anichoshe. Wiki iliyopita nilimkuta amesimama mbele ya koti lako, lile la kazini, bado liko kwenye msumari. Alikuwa hafanyi lolote. Nilipomgusa bega akatoka nje ya chumba.

Uhamiaji wanasema tusubiri. Kila barua inasema tusubiri.

Na mimi, kwa kuwa nimeanza kusema ukweli niumalize: nimechoka, Baba Tumaini. Sina mahali pa kukulilia. Nalia kwenye bafu maji yakiwa wazi, nalia kwenye basi nimegeukia dirishani, nalia kwa Bibi Doreen jikoni nikimpondea viazi. Watu walisema mwaka wa kwanza ndio mgumu. Umekwisha, na sijaona kilicholegea. Zamani nilikuwa napika nikikuchungulia dirishani, siku hizi napika kwa sababu mtoto lazima ale. Siku nyingine namwangalia akila na sina neno hata moja la kumwambia. Nilitumia nafasi yangu ya kusema, nikasema uongo.

Leo walinipanga tena Neasden. Bibi Doreen yupo, amesinyaa, lakini yupo. Nilimwomba Mzee Kanti baiskeli akanitolea bila kuuliza, ameitia hewa mwenyewe. Kwenda, nilipita makaburini nimeangalia gurudumu la mbele tu. Kurudi, saa saba mchana, miguu ilikataa. Nikasimama pale pale. Yule mama hakuwepo, lakini walikuwepo wengine, familia nzima na watoto wanakimbizana kati ya mawe, na baba mmoja anawakanya bila nguvu. Nikatoa simu, nikampigia kaka yako. Huko kwenu ilikuwa saa kumi, nyumba imejaa, nikasikia watoto, sahani, mtu anaimba vibaya.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Krismasi njema! Subiri nikupe mama umsalimie..."

"Usinipe mama. Tafuta mahali pa peke yako, shemeji."

Nikasikia kelele zinapungua, majani yanakwaruza simu. Nikajua ameingia migombani. Nikajua na aliposimama ni karibu na wewe.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Siku ya kikao. Aliacha neno." Nikamweleza yote, daraja, lango, yule mama na vikombe vyake, uchuro wangu. Nikamaliza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Shemeji, uko?"

"Niko." Akavuta pumzi. "Mama Tumaini, mimi alinipigia siku ile ile. Alikuwa amekaa mlangoni kwa huyo bibi yako anakungoja. Akaniambia, kaka, nimemwambia mke wangu jambo amekataa kulisikia, basi nisikilize wewe. Akaniambia nisimruhusu mtu kumleta huku."

Nilishika uzio. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mama alikuwa amenishika mkono, shemeji. Umenielewa? Alikuwa amenishika mkono huu. Ningeanzaje mimi? Nikasema moyoni, mke atasema. Mke akisema, nami nitasimama nitasema ni kweli, niliambiwa, na mama atatusikia tukiwa wawili. Ndiyo maana nilikuuliza vile. Nilikuuliza mbele ya watu makusudi. Nikasubiri." Majani yakakwaruza tena. "Ukasema hakuna. Nikajua labda mlizungumza baadaye akageuza mawazo. Nilijiambia hivyo. Najiambia mpaka leo."

Nikamwuliza kitu kimoja tu. Nikamwambia, mimi nilimkatiza katikati, wewe kwako alimaliza? Alisema nini mpaka mwisho?

Hapo kaka yako, mtu mzima yule anayechinja mbuzi peke yake, akaanza kulia. "Sikumwacha afike mwisho," akasema. "Kulikuwa na wageni. Nilimwambia sikukuu njema mdogo wangu, acha maneno hayo, utakuja mwakani tutakula nyama. Nikamkatia simu."

Tukakaa hivyo, kila mtu na simu yake sikioni. Baadaye akaniambia mama yako kila jioni hubeba kigoda akaenda kukaa pembeni yako, akakuhadithia nani amepita barabarani na nani ameoa. Ndicho kinachomfanya alale usiku. Akasema, "Mama asijue, shemeji. Nakuomba." Nikamwambia hatajua. Nitamnyang'anyaje? Hata kama leo wangenipa pasipoti yangu na ndege nzima, siwezi tena kwenda kusema mtoto wenu si hapa alipotaka kulala. Mlango huo niliufunga mimi, na kaka yako akaushikilia kwa upande wa pili.

Nimerudi, nimekaa na koti. Tumaini yuko chumbani kwake, mlango umeegeshwa. Ananingoja nimpikie. Sijui nitamwambia nini akinikuta na macho haya, na lazima siku moja nimwambie, kwamba baba yake alimtafutia mahali pa kuja kukaa naye na mama yake akapapoteza kwa maneno mawili. Atakaponiuliza kwa nini sikusema, nitamjibu nini kwa lugha anayoielewa?

Sikuombi unisamehe. Nimeuomba msamaha kwa Mungu, nikaona haraka yangu ni ya nini: nataka tu niache kuumia. Nakuaga, mume wangu, kwa sababu sikukuaga ghalani, wala uwanja wa ndege, wala kwenye kile kiatu. Lala ulikolazwa. Ulisema mara mbili siku moja, kwa watu wawili waliokupenda kuliko wote, na wote wawili tulikwambia unyamaze, tukakutakia sikukuu njema.

Mkeo,
Mama Tumaini